Maswali na majibu: Droni, betri na upepo

Wiki hii mmeniletea mengi kuhusu droni, yaani ndege zisizo na rubani. Nimechukua manne.

Nataka kupiga picha za ramani shambani. Ninunue ya pangaboi nne au yenye mabawa?

Ukubwa wa shamba ndio unaoamua. Ya pangaboi nne inaelea kwa nguvu ya mota peke yake. Hata ikisimama tuli, betri inaliwa. Ndiyo maana nyingi hukaa angani dakika 20 hadi 40 tu. Yenye mabawa hubebwa na hewa, mota kazi yake ni kusukuma, hivyo hufika mbali. Za namna hiyo ndizo zinazopeleka damu hospitalini Rwanda tangu 2016, zikidondosha mzigo kwa parachuti bila kutua. Lakini haziwezi kusimama mahali pamoja, na zinataka nafasi ya kutua. Kwa ekari chache, chukua ya pangaboi nne.

Boksi limeandikwa dakika 30. Yangu imeishiwa betri ikirudi, dakika ya 18. Nimetapeliwa?

Sidhani. Dakika za kwenye boksi hupimwa pasipo upepo, na nakisia wewe uliirusha kuufuata. Piga hesabu: droni ina kasi ya mita 10 kwa sekunde, upepo mita 6. Kwenda inapata 16, kurudi inabaki na 4. Umbali ulioumaliza kwa dakika 3 utaurudia kwa dakika 12! Siku nyingine anza kwa kuukabili upepo, betri ikiwa bado imeshiba, urudi ukisukumwa. Rimoti ikianza kulia, umeshachelewa. Na betri iliyovimba, hata kidogo, usiichaji tena; za lithiamu hushika moto.

Nilibonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, ikaenda kugonga mti. Kwa nini?

Droni hukariri mahali iliporukia kwa GPS. Ukibonyeza, hupanda hadi kimo ulichoweka, kisha hunyoosha moja kwa moja. Kimo kikiwa mita 20 na mti mita 25, matokeo umeyaona. Si zote zenye vihisi vya kukwepa vitu. Mimi mwenyewe niliwahi kurushia juu ya boneti ya gari. Chuma kikaivuruga dira, droni ikawa inazunguka, duara likipanuka kila mzunguko, hadi ikazama kwenye ua wa michongoma. Kuitoa kulinigharimu shati.

Naruhusiwa kurusha popote?

Hapana. Kikomo cha nchi nyingi ni mita 120 kutoka ardhini, baadhi hudai usajili kuanzia gramu 250, na karibu na viwanja vya ndege ni marufuku. Desemba 2018, taarifa tu za droni kuonekana zilifunga uwanja wa Gatwick, London, na mamia ya safari zikafutwa. Waulize mamlaka ya anga ya nchi yako kabla ya kufungua boksi. Kuchungulia uani kwa watu, hilo hata usiulize.