Darubini ya Lord Rosse ilikuza mara ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma habari za Lord Rosse, yule kabaila wa Ireland mwenye asili ya Kiingereza aliyejenga darubini yenye kioo cha futi 6. Ilikuza mara ngapi? Nataka kununua ndogo, ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 60, na muuzaji anasema yake inakuza mara 675.

JIBU: Marahaba. Hilo la "inakuza mara ngapi" naulizwa kila mara, na linanikera, si kwa sababu yako, ila kwa sababu ya waliokuzoesha kuliuliza. Ukuzaji unaubadilisha kwa kubadili kilenzi cha jichoni, kazi ya nusu dakika. Rosse asingemaliza ujana wake kwa hilo.

William Parsons, ndilo jina lake, alizaliwa York mwaka 1800, akasoma hisabati Oxford, akawa mbunge hadi 1834. Alichokitafuta pale Birr Castle, ngome ya ukoo wake huko Ireland, ni upana wa kioo, maana upana ndio unaochota mwanga. Vioo vya enzi hizo vilikuwa vya shaba iliyochanganywa na bati: vinang'aa, lakini vikipoa haraka vinapasuka. Aprili 1842 alimimina tani 3 hivi za uji huo wa moto, akaufungia kwenye tanuri upoe polepole kwa wiki 16. Wiki kumi na sita! Ndipo kusugua kwa mashine ya mvuke kukaanza. Na mbinu zake alizichapisha wazi, hakuzifanya siri ya ukoo. Mwaka 1845 akaelekeza kioo hicho kwenye M51, galaksi (kundi kubwa mno la nyota) ambayo wengine waliiona kama ukungu tu, akaikuta imejisokota kama maji yanayozunguka yakiingia shimoni.

Sasa hiyo milimita 60. Mwanga wake unatosha kukuza mara 120 hivi. Ukilazimisha 675, Mshtarii inageuka doa la kijivu linalotetemeka kila ukigusa meza. Wanaochapa namba hizo kwenye boksi wanajua wanachofanya. Nimeona wazazi wakitoa akiba ya miezi, mtoto akachungulia usiku mmoja, hakuona kitu, akaamini kosa ni la macho yake. Hilo ndilo linaloniuma.

Muulize muuzaji kipenyo cha lenzi, kisha itikise miguu ya darubini uone kama imesimama imara. Akikurudisha kwenye 675, rudisha pesa mfukoni.