Mwanangu alikuwa wa tatu darasani, kumbe kusoma hajui

Jana usiku kuna mama kanitumia meseji inboksi, mtoto wake yuko darasa la pili, ripoti imejaa A tupu, ila akimpa kipande cha gazeti asome anaanza kulia. Ananiuliza, mwanangu ana tatizo la akili? Hapana dada yangu, hana. Jana nilikujibu kwa kifupi, leo naandika yote maana hili limenikuta mwenyewe.

Krismasi ya mwaka juzi tulipanda Marangu kama kawaida. Mwanangu ndo kwanza kamaliza darasa la kwanza kwenye inglishi midiamu moja hapa Moshi, ada nalipa kwa mkopo wa vikoba na faida yote ya biashara yangu ya Mbuyuni, na ripoti ya kufunga shule ilisema wa 3 kati ya 41. Nikaikunja nikaiweka kwenye pochi nikaionyeshe ukweni. Najua wengi wenu mnafanya hivyo hivyo.

Baada ya kula, babu yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akatoa kalenda ya parokia ukutani, "mjukuu wangu, hebu nisomee hapa". Mtoto kimya. Nikawahi kumtetea, baba, wao wanasoma kwa Kiingereza, nikakimbilia begi nikatoa kitabu chake cha Kiingereza, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, nikashusha pumzi. Mzee hakusema kitu. Akafunika picha kwa kiganja akamwambia haya, sasa anzia mstari wa chini kabisa uje juu. Hakuna hata neno moja lililotoka. Ukurasa mzima alikuwa kaukariri kama wimbo. Halafu binamu yake wa pale pale kijijini, anasoma shule ya serikali, hizi tunazoziita kayumba, darasa lile lile, akaichukua ile kalenda akasoma taratibu huku anafuata na kidole, Fa-mi-li-a Ta-ka-ti-fu. Ile ripoti haikutoka kwenye pochi, na mpaka leo nikikumbuka wifi yangu alivyoniangalia nasikia joto usoni.

Januari nikaenda shule nimejaa hasira, nikaomba testi zake zote. Nyingi ni za kuchagua jibu, kuunganisha picha na neno kwa mstari, kunakili ya ubaoni. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anavuka hizo zote na 90 yake bila kusoma kitu.

Sasa wazazi wenzangu nisikilizeni. Darasa la kwanza na la pili kazi kubwa ni KKK, kusoma, kuandika, kuhesabu, ndo mtaala wa 2015 ulivyowekwa na huu mpya ulioanza Januari 2024 haujaiondoa. Ule upimaji wa darasa la pili wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, nao unaangalia hizo hizo, lengo ni kujua nani bado hajamudu ili asaidiwe, sio nani kampita nani. Sisi sasa, mtoto hajavua hata viatu tunamuuliza umekuwa wa ngapi. Tuache jamani, tunawaumiza watoto.

Mzee ndo alinifundisha cha kufanya. Mwanangu alijua majina ya herufi, bii, ei, sii, lakini bii na ei ukiziunganisha hazikupi "ba". Tukarudi kwenye sauti, a e i o u, ma me mi mo mu, na raha ya Kiswahili ni kwamba a ni a popote utakapoikuta, wakati Kiingereza a ya cat na a ya cake ni vitu viwili tofauti, ndo maana mtoto anaona bora akariri tu. Kila jioni dakika kumi na tano, kabla ya tivii. Akizoea silabi mwandikie maneno ya kubuni yasiyo na maana, lefi, modu, gupo, hayo hawezi kuyakariri, akiyasoma ujue anasoma kweli. Kwetu vilivyosumbua zaidi ni ng', mbw na nyw, wiki tatu nzima tuko hapo hapo. Na hesabu vile vile, wangu alikuwa anaimba mpaka mia ila nikimwambia nihesabie ndizi kumi na saba anapotea njiani, mpe vitu ashike kwa mikono. Usimchape. Mimi nilimchapa siku mbili za mwanzo na nilimwomba msamaha, maana aliyedanganywa na ile ripoti ni mimi, yeye hakunidanganya.

Sasa hivi yuko darasa la tatu. Jumapili iliyopita kwenye jumuiya kasoma somo mbele ya watu wazima, mistari saba, kakwama mara moja tu kwenye "mwanzilishi", akarudi nyuma akalikata silabi kwa silabi mpaka likatoka. Nililia mbele za watu wala sikujificha. Nikampigia babu yake pale pale, mzee kasikiliza mpaka mwisho akauliza, "na ulimuuliza alichosoma kinasemaje?" Nikampa mtoto simu amweleze mwenyewe.