Sauti yangu inazama chini ya kinanda

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 21, naishi Majengo, Moshi. Kinanda nilijifunzia kwaya ya usharika. Sasa natunga nyimbo zangu mwenyewe za sinthipopu, yaani vinanda vya umeme na ngoma za kompyuta ya kaka, naimba peke yangu bila bendi. Kwa kusuka nywele nimeweka akiba Sh 900,000. Marafiki wanasema niende Dar kwa prodyuza mwenye jina, na kwamba hivyo vinanda ni mambo ya Wazungu. Mimi natamani ninunue kinanda nirekodi chumbani. Ila sauti yangu ni nyembamba, kinanda kikiingia haisikiki. Na mama analalamika nampigia kelele usiku. Nifanyeje?
Msusi, Majengo

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo laki tisa usipande nayo basi la Dar.

Mimi nilipanda. Mwaka 2013 nilibeba laki sita, akiba ya kuuza mitumba Kilombero hapa Arusha, nikamlipa mwenye studio kwa nyimbo tatu. Nilirudi na flashi yenye nyimbo mbili, na si zile nilizokwenda nazo: mdundo umebadilishwa, kinanda changu kimefutwa, katikati mwanamume anatangaza jina la studio. Nilipoomba nipewe kila sauti peke yake, ya kinanda, ya ngoma, ya kuimba, nikaambiwa hazitolewi. Wimbo mmoja nilimtungia marehemu bibi yangu. Mpaka leo siwezi kuurekebisha hata neno moja. Nililia kutoka Segera mpaka Same.

Nilianza upya katika chumba cha kupanga Ngarenaro, na kinanda cha mkono wa pili ambacho vibonye viwili vya juu vilikuwa havilii. Kwa miezi minne nilijikataza kutumia sauti zilizokuja nacho tayari, maana kila anayekwenda kanisani Jumapili anazijua. Nilichukua sauti moja ghafi, nikawa naichonga: naizungusha filta, kile kichujio cha sauti, kuona inang'aa wapi na inafifia wapi, nabadilisha inavyoanza, kwa kishindo au kwa kunyata, napima inachukua muda gani kuzimika. Siku nilipopata besi inayonguruma kama mashine ya kusaga ya jirani, nilijua nimepata muziki wangu. Wewe unaishi Moshi, sikio lako limejaa vitu ambavyo hakuna prodyuza wa mbali atakayekutafutia.

Sasa sauti yako. Hapa nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona mabinti wengi wakiacha kuimba kwa jambo linalorekebishika. Sauti nyembamba na kinanda chenye ukali vinagombea nafasi moja, kule juu. Wengi huongeza sauti ya maikrofoni, na kinachoongezeka ni kelele. Fanya kinyume. Funga filta polepole mpaka ukali wa kinanda uzame, kishushe oktavu moja, yaani noti zilezile ila ngazi nzima chini, na kwenye mistari unayoimba kipige noti chache. Sogea kwenye maikrofoni, umbali wa kiganja, uimbe kama unamnong'oneza mtu wa karibu. Kisha rekodi mstari uleule mara ya pili juu ya ule wa kwanza. Tofauti ndogo kati ya mara hizo mbili ndizo zinazoipa sauti mwili. Grimes wa Kanada anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, na albamu yake iliyotoka 2012 aliirekodi mwenyewe nyumbani kwake Montreal, kwa programu ya GarageBand, akiipanga sauti yake tabaka juu ya tabaka.

Hao wanaosema ni mambo ya Wazungu, watajie William Onyeabor wa Enugu, Nigeria. Kati ya 1977 na 1985 alitoa albamu nane zilizojaa vinanda vya umeme, kupitia kampuni yake mwenyewe, Wilfilms. Wengi ng'ambo walimjua baada ya mkusanyiko uliotoka New York mwaka 2013. Kinachonigusa mimi ni hiyo kampuni kuwa yake.

Pesa ningeigawa hivi: laki nne kinanda cha mkono wa pili, lakini chenye vitufe vya kuchonga sauti, laki mbili na nusu maikrofoni na kile kiboksi cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Inayobaki, ukitoa ya hedifoni nitakazokutajia, usiiguse mpaka umalize nyimbo nne. Zimalize kabisa, hata ile usiyoipenda tena. Kila wimbo uhifadhi mahali pawili tofauti, kila sauti peke yake, kisha ukasajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujamtumia mtu yeyote. Jukwaa litakuja, usilikimbilie.

Kuhusu mama, nunua hedifoni za waya. Zisizo na waya huchelewesha sauti: unabonyeza sasa, unasikia baadaye kidogo, na mapigo yanakupotea. Wimbo wa kwanza ukiisha, mvishe yeye hizo hedifoni kabla ya mtu mwingine. Wangu alisikiliza huku anachambua mchicha, akaniuliza mashine ya kusaga imeingiaje mle.