Ulizia Kipande cha Nta Kabla ya Kwenda Mombasa

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi akitoka Lamu kwenda kutibiwa Mombasa, hufungiwa kila kitu: leso za kubadili, picha za skani, mpaka mofa za njiani. Kinachosahaulika ni ile nyama aliyokatwa siku ya kupimwa. Nimemuuguza mamangu mdogo, na kama kuna jambo ningependa mwenzangu alijue kabla hajapanda boti ya Mokowe, ni hilo.

Nyama ile haitupwi. Hutiwa fomalini, kisha hugandishwa ndani ya nta na kuwekwa maabara. Kipande chenyewe hakijazi kiganja, lakini daktari akitaka kipimo kipya, huparuzwa utando mwembamba kutoka hapo hapo. Chetu kilikuwa Malindi. Tulitia saini, tukapewa kikiwa ndani ya kikasha cha plastiki chenye namba ubavuni. Iandike namba hiyo, maana majina yetu ya pwani yanafanana mno! Kikikaa miaka mingi, alama hufifia, na huenda mgonjwa akakatwa upya.

Kipimo tulichoambiwa ni cha PD-L1, aina ya protini inayokaa juu ya seli. Kinga ya mwili ina breki, isije ikamla mwenyewe; uvimbe hujivika PD-L1 ili kuikanyaga breki hiyo. Maabara huhesabu seli zenye alama, za uvimbe na za kinga pia, ikalinganisha na kila seli 100 za uvimbe. Saratani ikiwa imerudi au imesambaa, na hesabu ikafika 1 au zaidi, pembrolizumabu, dawa ya kuiachia breki hiyo, yaweza kuongezwa juu ya kemo. Marekani iliidhinisha hivyo mwaka 2021. Neno "chanya" lilimtisha mamangu mdogo, akadhani kaongezewa maradhi ya pili. Sivyo: maana yake ni kwamba dawa huenda ikamfaa. Huenda tu.

Ugonjwa wa mapema, wa kutolewa kwa upasuaji, kwa kawaida hauhitaji kipimo hiki. Na dawa ni ghali mno, kwa hiyo ulizeni bei yake, na SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani, kabla hamjalipia kipimo. Mimi sioni faida ya kununua jibu lisilo na dawa nyuma yake.

Mkiipata dawa, jueni kinga iliyoachiwa yaweza kuugeukia mwili, hata miezi baadaye: kuhara, kikohozi, pumzi kukatika, uchovu unaoletwa na tezi ya shingo. Usimchemshie tangawizi ukangoja kupambazuke. Mpigie daktari usiku ule ule.