Muulize Mwalimu: Vizee vya Kiingereza

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanakwaya wa Urambo. Tunayo Biblia ya Kiingereza, ile tafsiri ya mwaka 1611. Katika Warumi 1:13 Paulo anasema alikusudia mara nyingi kwenda Rumi, "but was let hitherto". Mwenzangu ameshikilia kwamba maana yake aliruhusiwa. Kama aliruhusiwa, mbona hakwenda?

Marahaba. Hilo la mwisho ungemuuliza yeye, ubishi ungeisha. "Let" hiyo ni kuzuia. Fungueni Biblia yenu ya Union mtakuta "nikazuiliwa".

Zamani Kiingereza kilikuwa na vitenzi viwili. "Lætan" kilikuwa kuruhusu, "lettan" kuzuia au kuchelewesha, na hiki cha pili ni ndugu wa "late". Matamshi yakasogeleana mpaka yakawa sawa, maana zikabaki zinapingana. Fahali wawili hawakai zizi moja: wa kuruhusu akabaki na zizi. Aliyefukuzwa bado anaonekana huku na huko. Hamlet, mwana wa mfalme katika igizo la Mwingereza Shakespeare, rafiki zake wanapomshika asiufuate mzimu wa baba yake, anatishia kumfanya awe mzimu mtu yeyote "that lets me", yaani atakayemzuia. Pasipoti ya Uingereza mpaka leo inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", bila kizuizi. Na katika tenisi, mpira wa kuanzisha ukigusa wavu ukaangukia mahali pake, mwamuzi huita "let", unapigwa upya.

Miaka yangu yote darasani sikuona mwanafunzi aliyeangushwa na neno geni kabisa. Geni analipeleka kwenye kamusi. Linalomwangusha ni kama hili, analolijua tangu darasa la tatu.

Mwalimu, nasoma kidato cha sita hapa Kigoma mjini. Kwenye igizo la Shakespeare la Romeo na Juliet nilikuwa Juliet. Nilielekezwa niweke kiganja juu ya macho, nichungulie gizani nikisema "Wherefore art thou Romeo?" Watu walicheka mahali pasipochekesha. Romeo alikuwa wapi?

Alikuwa chini yako, bustanini, anasikia kila kitu. Ila Juliet hajui kama yupo, wala hamtafuti. "Wherefore" ni kwa nini. Binti analalamika: katika vijana wote wa Verona, kwa nini uwe Romeo, mtoto wa ukoo wa Montague, mahasimu wa kwetu? Ndiyo maana hapo hapo anamtaka amkane baba yake na kulikataa jina lake. Angekuwa anamtafuta, maneno hayo yangetoka wapi? Shusha kiganja, binti yangu.

"Thou" nayo ni wewe, mtu mmoja. "You" ilikuwa ninyi, kisha ikaanza kutumika kwa mkubwa mmoja kama heshima, kila mtu akataka heshima hiyo, "thou" ikakosa wa kuitwa. Juliet anaitumia kwa sababu anazungumza na mpenzi wake moyoni. Kumwambia mfalme "thou" mbele ya watu kungekuwa utovu wa adabu. Nyerere, aliyesoma hapa kwetu Tabora, alimtafsiri Shakespeare mara mbili, Kaizari na Mabepari wa Venisi. Natamani angewafikia na hawa wawili.

Mzee wangu, salaam kutoka Ujiji. "Fortnight" ni wiki mbili, hilo najua. Lakini "fort" si boma? Walikuwa wanalinda boma usiku?

Boma halimo. Ni "fourteen nights" iliyobanwa mdomoni: usiku kumi na nne. Ilikuwepo na "sennight", usiku saba, ambayo sasa utaikuta vitabuni tu. Makabila ya Kijerumani, ambamo Waingereza wana asili yao, yalihesabu usiku badala ya mchana. Mrumi Tacitus aliliandika hilo mwaka 98 baada ya Kristo. Ninyi wa Ujiji sina haja ya kuwafafanulia: usiku wa Ijumaa kwenu huanza Alhamisi jua likizama.

Mimi nauza nafaka Nzega. Ruthu aliokota "corn" shambani kwa Boazi. Mahindi yalifikaje Bethlehemu?

Hayakufika. Mahindi asili yake ni Amerika, na yalivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. "Corn" ni nafaka, na kila mahali watu hulipa jina hilo zao lao kubwa. Uingereza ni ngano. Waliohamia Marekani walikuta mahindi wakayaita "Indian corn", baadaye wakafupisha. Ruthu aliokota shayiri, kisha ngano. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya bei iliyoandikwa "corn", muulize kwanza muuzaji ni wa nchi gani, ndipo uagize magunia.