Uliza Tukujibu: Live Killers ya Queen, mbona mashabiki hawaelewani?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nimeanza kusikiliza Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, mwaka huu tu. Nikamwambia mjomba nataka albamu yao ya laivu, akasema chukua Live Killers hizo nyingine achana nazo. Washkaji zangu wawili nao wanasema hiyo sauti yake mbovu, niende moja kwa moja kwenye ile ya uwanja wa Wembley, London. Nimsikilize nani? Halafu eti wimbo wao Bohemian Rhapsody jukwaani walikuwa wanawasha tepu, kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msikilize mjomba, nakwambia kwa moyo mmoja, ila washkaji zako nao hawajaongopa.

Live Killers ilitoka Juni 1979, santuri mbili, nyimbo 22. Walirekodi kwenye ziara ya Ulaya kuanzia Januari mpaka Machi mwaka huohuo, halafu wakaenda kuchanganya sauti wenyewe Montreux kule Uswisi. Hapo kwenye kuchanganya ndipo kelele zinapoanzia. Wanaoiponda wanasema ngoma za Roger Taylor zinalia kavu kama za chumbani, na mwimbaji wao Freddie Mercury kuna sehemu sauti imekwaruza kabisa, anaikwepa ile noti ya juu uliyoizoea studio anaimba ya chini. Wengine kinachowakera zaidi ni kwamba nyimbo zimeokotwa usiku tofauti zikaunganishwa, na kwenye kava hawakuandika ipi ilipigwa mji gani. Hilo hata mimi linaniuma, maana ukiipenda shoo unataka kujua ilikuwa wapi.

Ila weka upande wa kwanza uone. Inaanza We Will Rock You, siyo ile ya kupiga makofi na miguu unayoijua, hii ni ya mbio, gitaa linakuja kama basi limekata breki na wewe hata hujakaa vizuri. Studio hii hukuipata. Halafu mbele zaidi kuna Brighton Rock, Brian May anabaki na gitaa peke yake, anapiga kipande, mashine inamrudishia mwangwi, anapiga kingine juu yake mpaka unasikia kama magitaa matatu yanafukuzana, dakika kama 12 hivi. Kuna watu wanairuka hiyo. Mi siiruki hata siku moja.

Na Love of My Life jamani. Studio mwaka 1975 ilikuwa ya piano na kinubi, laini sana. Hapa ni Brian na gitaa la nyuzi 12 basi, Freddie anaanza, mistari michache tu anawaachia watu, na watu wanaimba yote, maneno yote, na wengi wao Kiingereza siyo lugha ya nyumbani kwao. Anabaki kuwasikiliza. Mi nimeisikia mara nyingi mno na bado pale watu wanapopokea nasimamisha nilichokuwa nafanya. Mtu akiniambia albamu ina sauti mbovu namuuliza hapo ulifika au uliishia njiani?

Tepu ya Bohemian Rhapsody ni kweli, hawakuwa wanaficha. Ile sehemu ya katikati ya wimbo, inayoimbwa kama opera, studio walirundika sauti juu ya sauti mara nyingi mno, watu wanne jukwaani hawawezi kuitoa, so walikuwa wanaondoka jukwaani tepu inacheza, likifika rock wanarudi kwa kishindo. Wapo wanaosema ni udanganyifu. Mi naona heri hivyo kuliko ilivyofanywa kwenye Live Magic, albamu yao nyingine ya laivu ya 1986, ambayo waliikata hiyo opera yote ikatupwa, na nyimbo nyingine wakazipunguza ili zitoshe santuri moja. Hiyo usinunue ya kwanza, tafadhali.

Wembley ilirekodiwa Julai 12, 1986 ikatoka 1992, sauti safi, uwanja umejaa, nzuri sana tu. Ichukue ya pili.

SWALI: Mi niko Unguja, kila siku napita Shangani naona watalii wanaingia makumbusho ya Freddie. Tunajua kazaliwa hapa 1946 na familia ikahamia Uingereza 1964, lakini muziki wenyewe wengi hatuujui. Nipe wimbo mmoja wa laivu nimwelewe. (Dada msomaji)

JIBU: Dada yangu, umeuliza kitu nilichokuwa natamani mtu wa huko aulize, maana inaniuma mtu kujulikana kwa mlango wa nyumba tu. Chukua Now I'm Here, inafungua upande wa pili wa hiyohiyo Live Killers. Katikati bendi inanyamaza, Freddie anatupa kipande cha sauti watu wanamrudishia, anakizungusha, anakipandisha, wanamfuata. Wewe uliyekulia kwenye ngoma na viitikio utamwelewa haraka kuliko mtu yeyote, ni mtu anayeimba na mkono wake uko kwenye bega la msikilizaji. Sikiliza kwa hedifoni usiku kukiwa kimya, na ikiisha usizime, iache iendelee, wimbo wa tatu upande huo ndio ile Love of My Life niliyomwambia wa Tanga.