Pampu Mbili Nilizonunua Bure

Watoto wa upande wa Ahero, karibu na Kisumu, wanakiita kigari changu Rao, yaani kiboko, yule mnyama wa majini. Ni kigari cha magurudumu manane, mwili wake wa plastiki umefinyangwa kama karai kubwa. Kinapita matopeni bila kunung'unika, na kikifika majini kinaelea, magurudumu yakikisukuma pole pole. Nilikinunua kikiwa kimeshatumika, kutoka kambi moja ya watalii kule Naivasha, nikitaka kubebea watu mizigo Mto Nyando unapofurika na kumeza barabara za nyanda za Kano.

Taabu ilianza mwezi wa pili. Kila baada ya dakika 20 hivi za kazi, injini inakohoa, inalegea, inazima. Ukingoja robo saa inawaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Siku moja ilizima katikati ya maji, nimebeba magunia sita ya mpunga pamoja na mama mwenye mpunga wake. Akatazama huku na huku, akaniuliza, "Mwanangu, hiki chombo chako hakina kasia?" Hakikuwa nalo. Tulivutwa na vijana wa mtumbwi, kwa malipo yaliyomaliza faida yote ya siku.

Fundi wa kwanza hata bonneti hakufungua. Alisikia maelezo, akasema pampu ya mafuta imekufa. Nikanunua nyingine ya umeme kwa shilingi 4,500. Siku mbili, ugonjwa ule ule. Hapo ndipo nikafanya ujinga wangu mkubwa: nikachukua pampu iliyong'olewa kwenye gari dogo la injekta, yaani linalopuliziwa petroli kwa presha, kwa kuwa muuzaji alinihakikishia hiyo ina nguvu kuliko zote.

Nguvu ilikuwa nayo kweli. Injini ya kigari changu ni ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, na kabureta haitaki petroli ya kusukumwa kwa nguvu. Psi 3 au 4 (psi ni kipimo cha presha) zinaitosha kabisa. Pampu ya injekta inasukuma kwa psi 40 na zaidi. Ndani ya kabureta kuna sindano ndogo inayoziba njia petroli ikishajaa, na sindano hiyo haiwezi kushindana na presha ya namna ile. Petroli ikafurika, ikamwagika ndani ya mwili wa kigari.

Kwenye gari la kawaida petroli ikimwagika inaangukia barabarani. Hapa haina pa kwenda. Mwili umetengenezwa usiingize maji, kwa hiyo pia hautoi kitu, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa pale chini umetulia kama uji kwenye bakuli. Pampu ya kutolea maji iko pale pale chini, na swichi na nyaya zake. Cheche moja tu ingetosha. Sikugusa swichi hata moja. Nilifungua plagi za chini za kutolea maji, nikakinga beseni, nikakiacha wazi hadi kesho yake, na jirani anayependa kuja kuvutia sigara uani kwangu nikamwomba akae kwake.

Basi kama unataka kununua kigari cha aina hii, swali la kwanza ni injini: ya kabureta au ya injekta? La pili, pampu iliyomo ndiyo ya kiwandani? Injini nyingi ndogo za kabureta hutoka na pampu isiyotumia umeme kabisa, inayochezeshwa na mapigo ya hewa kutoka ndani ya injini yenyewe. Ikichoka, watu huweka ya umeme na kuvuta waya popote wanapoona karibu. Changu kilikuwa hivyo. Pampu ilikuwa imeungwa moja kwa moja na ufunguo, kwa hiyo hata injini ikizima, ufunguo ukiwa umewashwa, petroli inaendelea kusukumwa. Kigari kikipinduka, hebu fikiria. Siku hizi nimeweka relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayopitia swichi ya presha ya oili: injini ikizima, pampu nayo inanyamaza.

Kabla ya kumwita fundi, jaribu hili la bure. Kigari kikizima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia tangi linavuta pumzi, "fsss", na injini ikawaka mara moja, tundu lake la hewa limeziba. Huku kwetu ni matope, au nyigu amejenga nyumba kwenye mpira wa tundu hilo. Mimi nilifungua, kimya. Haikuwa hiyo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja karibu na soko la Kibuye, Kisumu, anayetengeneza redio zaidi ya magari. Swali lake la kwanza: "Omera (ndugu yangu), hiyo pampu umewahi kuisikiliza?" Tukawasha ufunguo, tukatega sikio. Ilianza kwa mlio wa haraka, na dakika zilivyokwenda mlio ukawa mzito, kama mtu anayepanda mlima. Akachomoa plagi ya pampu, akapima waya kwa mita: volti 12.4. Nikamwambia, unaona, umeme upo. Akacheka. "Waya isiyo na kazi husema uongo." Akarudisha plagi, akachomeka ncha za mita kwa nyuma huku pampu inafanya kazi: 9.1. Kisha akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya pampu, mahali ambapo ungetarajia kuona karibu sifuri. Ikasoma 2.8. "Hizo ndizo zinazoliwa njiani."

Tuliifuata waya ya athi, ile inayorudisha umeme kwenye hasi ya betri, hadi chini ya kiti, ilikofungwa kwa bolti kwenye fremu, pale pale maji yanapotuama. Bolti ilikuwa imevaa kutu ya kijani. Alipochuna plastiki, shaba ndani ilikuwa nyeusi hadi urefu wa kiganja. Waya kama hiyo ikipata moto inabana umeme zaidi, ikipoa, inaachia. Ndiyo ile robo saa yangu.

Tulivuta waya mpya nene hadi kwenye hasi ya betri yenyewe, tukaichomelea kwa risasi, tukaivisha mpira na kupaka grisi. Pampu tukaipandisha ubavuni, juu ya mahali maji yanapofika lakini chini ya usawa wa petroli, kwa sababu pampu hizi hodari wa kusukuma ni wavivu wa kuvuta. Filta ikakaa kabla yake.

Na pampu tuliyofunga? Ile ile niliyoikuta kwenye kigari siku ya kukinunua. Nilikuwa nimeitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Mpaka leo inafanya kazi, msimu wa pili huu wa mvua. Ile ya shilingi 4,500 iko kwenye sanduku la vifaa, karibu na kasia. Ya injekta natafuta mtu wa kuichukua. Ukiwa na gari linaloitaka, njoo tuelewane bei.